Mikongo Miwili, Daraja Moja

Severin Bayuo alikuwa mtu wa minara kabla hajawa mtu wa ofisi, na waliomjua enzi hizo wanasema alikuwa mtu mwingine kabisa. Mwembamba, mcheshi, hana makuu. Alipanda mnara wa kilima cha Tendaa na bisibisi mfuko huu, karanga za kuchoma mfuko ule, na akifika juu alikaa kwenye vyuma akala karanga zake kwanza, miguu inaning'inia, ndipo aguse kazi. Mama yake, Mama Pogsaa, hakutaka hata kusikia habari hizo. Alikuwa akiuza pito, pombe ya mtama, sokoni Jirapa, na mteja yeyote aliyemwambia "mwanao yuko juu kule" alipimiwa kibuyu nusu akaambiwa ashukuru.

Siku zile maneno yote ya upande wetu yalipita hewani. Kila kilima na mnara wake, kila mnara na sahani yake kubwa nyeupe, na kila sahani imeitazama sahani ya kilima kinachofuata, hivyo hivyo mpaka kusini, Kumasi. Mvua kubwa ikinyesha sauti zinakwaruza. Harmatani, ule upepo wa jangwani, ikivuma kwa nguvu, sahani inasogea kidogo tu, basi kilima kimoja hakimwoni mwenzake na Severin anapanda tena. Jenereta zilikunywa dizeli, na wezi nao waliipenda dizeli hiyo hiyo. Kubwa kuliko yote, sahani zile zilibeba kidogo. Siku za soko na siku za Krismasi unapiga simu mara nyingi ndipo unapita. Lakini hapakuwa na mkulima aliyeweza kuikata hewa kwa jembe, na hilo tulilisahau upesi mno.

Masista wa hospitali walikuwa na dishi lao la setilaiti, limetazama mbinguni, halihitaji kilima wala jirani. Hilo lilifanya kazi popote, hata porini. Ila maneno yalipanda juu huko yakashuka, ukisema "hujambo" unangoja, unadhani hukusikika, unarudia, na mwenzako anajibu ile ya kwanza. Mnagongana mpaka mnachoka. Na bili yake ikija, sista mkuu alikuwa anafunga mlango.

Aliyepanda minara pamoja na Severin alikuwa Joseph Atanga, Mfrafra wa Bolgatanga, mwenye sauti ya kujaza soko. Wadagaaba, watu wa Severin, na Wafrafra ni watani tangu mababu, ugomvi wenyewe ni wa kichwa cha mbwa, nani alikila na nani alibakiziwa mkia. Kwa hiyo wawili hawa waliishi kwa matusi.

"Shuka, mtumwa wangu!" Atanga alikuwa anapiga kelele kutoka chini. "Ukianguka mimi sichimbi kaburi, nina kazi."

"Nikianguka nakuangukia wewe, mla mbwa. Umenenepa, sitaumia."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na kama yangeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia.

Kisha ukaja mkongo. Walichimba mtaro kando ya barabara kutoka kusini wakalaza ndani yake waya wenye nyuzi za kioo nyembamba kama nywele, na nyuzi hizo chache zilibeba mara elfu ya vilivyobebwa na vilima vyetu vyote. Severin, ambaye alikuwa amesoma kozi yake Accra na kurudi na cheti, alikabidhiwa mkoa mzima. Akapewa ofisi, gari, na tumbo likafuata lenyewe. Simlaumu kwa tumbo.

Mkongo una udhaifu wake na kila fundi anaujua. Greda ikipita, umekatika. Mtu akichimba msingi wa choo, umekatika. Wengine wanaufukua wakidhani ni shaba, wakikuta kioo wanautupa kwa hasira. Dawa yake ni moja: unalaza wa pili kwa njia nyingine, mbali na ule wa kwanza, ukutane nao mbele, iwe pete. Upande mmoja ukikatika, maneno yanageuka yanapitia upande wa pili, na mteja hajui kilichotokea. Pete ndiyo iliyofanya kampuni ikubali kuachana na minara, na pete hiyo ilikuwa juu ya Severin.

Mkongo wa kwanza ulivuka mto darajani, ndani ya bomba lililofungwa upande wa kulia. Wa pili ulipaswa kwenda mbali, kuvuka mto juu kabisa, chini ya mwamba. Mashine ya kutoboa ilifika pale ikaguguna mwamba wiki nzima ikavunjika jino. Ya pili ikakwama. Na tarehe ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa, waziri anakuja, mahema yameshakodiwa, wapiga marimba wameshaambiwa. Severin akasimama darajani mikono kiunoni, akautazama upande wa kushoto, ambao ulikuwa mtupu.

"Tufunge wa pili hapa," alisema. "Kwa muda tu. Kiangazi tutarudi kwenye mwamba."

Kwenye ramani aliyopeleka Accra pete ilionekana nzuri, mistari miwili, kila mmoja na njia yake. Kiangazi kilikuja, na kingine kikaja, na hakuna aliyerudi kwenye mwamba.

Siku ya uzinduzi alialikwa redio ya Jirapa. Alizungumza Kidagaare safi, na nchi nzima ya Wadagaaba ilimsikia.

"Ndugu zangu, sasa njia zipo mbili. Hata upande mmoja ukikatika, hamtajua. Nasema hamtajua!"

Neno hilo likamganda. Watoto walikuwa wakimwona barabarani wanamwita "Hamtajua", na yeye alipunga mkono kutoka garini.

Lililobaki lilikuwa kilima cha Tendaa. Accra waliuliza kama mnara wa zamani bado una kazi, na Severin ndiye aliyetakiwa kujibu. Atanga, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa minara yote ya mkoa na fundi mwenye cheti kama yeye, alimfuata ofisini.

"Niachie Tendaa," alisema, na safari hii hakukuwa na utani. "Najua haibebi kitu mbele ya mkongo wako. Iache ibebe simu tu, watu waitane. Wakikosa picha na video hawatakufa."

"Inakula dizeli, Joseph. Unalisha punda mzee wa nini wakati una lori?"

"Lori lako lina magurudumu mangapi, Severin? Mimi nilipita darajani."

Severin alikuwa na nafasi ya kusema hapo. Mlango ulikuwa umefungwa, mtu ni rafiki yake, na kosa lilikuwa bado halijamuumiza mtu. Badala yake alisema, "Mambo ya mkongo niachie mimi," kwa sauti ambayo hakuwahi kumtolea mtani wake. Atanga akatoka. Mwezi uliofuata sahani za Tendaa zilishushwa zikalazwa kwenye ghala, nyuso chini.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja kwa fujo. Mto ulivimba, ukaleta magogo, magogo yakaligonga daraja tangu asubuhi, na mchana daraja likaondoka na bomba la kulia na bomba la kushoto kwa pamoja. Mkoa mzima ulinyamaza. Ukimpigia jirani yako simu iliita, kwa kuwa minara midogo ya mjini ilikuwa hai. Ukimpigia mtu wa nje ya mkoa, mwanamke yule wa kwenye simu alikwambia kwa adabu zake zote kwamba unayempigia hapatikani. Pesa za simu zilikwama. Mashine za benki zilitukodolea macho tu.

Redio ya Jirapa ilimtaka aseme. Alikaa mbele ya kipaza sauti koti limelowa mvua, na mtangazaji akamuuliza lile ambalo kila mtu alikuwa anauliza.

"Bwana Bayuo, ile njia ya pili vipi?"

Severin anasema mpaka leo kwamba alifungua mdomo ili aseme kweli. Akamwona mtangazaji akimngojea kwa heshima, akakumbuka wale watoto wa barabarani, na mdomo ukasema vingine.

"Njia ya pili inafanya kazi. Simu zinapita, ila kwa shida kidogo. Endeleeni kujaribu."

Watu waliendelea kujaribu, na kila aliyekosa alidhani mwenzake amepata. Severin alidhani ni uongo wa saa chache. Alidhani atavuta waya juu ya mto kesho, mambo yaishe, na hata kumbukumbu yake ipotee. Kesho yake asubuhi, kijijini kwao Zagpuo, Mama Pogsaa alisema anasikia baridi, akaomba ageuziwe kitanda kuelekea mlangoni, akafa.

Basi njooni muone balaa la mtu. Mama Pogsaa alikuwa na wana wawili. Mkubwa ni Placid, seremala, anaishi Kumasi na mke na watoto. Huyo ndiye kifungua mimba, na bila yeye hakuna wa kumwaga udongo wa kwanza kaburini. Marehemu alivishwa nguo zake bora akaketishwa juu ya jukwaa la maiti, marimba zikaanza, na mzee Yelviel, mdogo wa marehemu baba yao na sasa mkuu wa nyumba, akamwita Severin mbele ya wanaukoo.

"Mpigie kaka yako."

Severin alipiga. Aliiweka simu kwenye spika kwa kuwa mzee aliagiza, na uani mzima walimsikia mwanamke wa kwenye simu: hapatikani. Alipiga tena. Hapatikani. Alikuwa anajua, kila alipobonyeza, kwamba waya umelala mtoni na sauti ile haina habari yoyote na Placid. Alibonyeza hivyo hivyo.

"Kazima simu," alisema mzee Yelviel.

"Labda mtandao, baba mdogo."

"Mtandao gani? Si jana umesema redioni simu zinapita? Watu wote tumekusikia." Mzee akageukia wenzake. "Pasaka hakuja. Mama yake alipokataa kuhamia Kumasi walirushiana maneno. Sasa kazima simu asisumbuliwe. Mwana wa namna hii!"

Hapo ndipo mtu angesimama akasema kweli, na Severin aliketi. Walituma mtu wa pikipiki azunguke kwa barabara ya mbali, lakini maji yalikuwa kila mahali na maiti haingoji. Wakamzika Mama Pogsaa, na udongo wa kwanza ukamwagwa na Severin.

Kumbe wakati wao wanazika, Atanga alikuwa Tendaa. Alizitoa sahani zake ghalani bila kumuuliza mtu, akapanda mwenyewe na mwili wake ule, akaziinua, akaielekeza moja kusini, kwenye sahani iliyokuwa bado hai ng'ambo ya mto, na kutukana mpaka ikashika. Zikapita simu, chache, zinakwaruza. Severin alikuwa bado na udongo kwenye kucha simu yake ilipoita.

"Hatimaye!" Ilikuwa sauti ya Placid. "Mdogo wangu, mmeniweka roho juu! Nimepiga wee, huyu mwanamke ananiambia hampatikani, hampatikani. Nimemwota mama vibaya. Hajambo?"

Alimwambia. Hatuna haja ya kusema kaka yake alilia vipi.

Placid alipofika, mto ulipopungua, alisimama uani na kueleza: nimepiga simu siku zote zile, sikuwapata. Mzee Yelviel akamtazama Severin, na ukoo mzima ukamtazama Severin, maana yeye ndiye bwana mtandao.

"Mtandao ulikuwa na shida kidogo," alisema Severin.

Kidogo. Neno hilo moja lilimmaliza Placid. Shida kidogo maana yake mwenye nia angepata. Kaka mtu aliamini kwamba wengine walipata simu zao na yeye bahati ndiyo ilimkataa, au Mungu, au mama mwenyewe alikufa na kinyongo. Alirudi Kumasi amekonda uso. Mkewe alimpigia Severin akamwambia, "Shemeji, kaka yako halali. Anasema mama alimkatalia sauti yake."

Accra wao hawakumfanya kitu. Waliandika kwamba ni mafuriko, wakampa pole ya msiba.

Baada ya mavuno ukafika msiba wa mwisho, wa kumpeleka marehemu kwa mababu. Ndiyo siku ya kula na kunywa, saabo, ule ugali wa mtama, kwa mchuzi wa kunde, na pito inayochemka tangu juzi. Ndiyo pia siku ya kumaliza mashauri, na shauri lilikuwa moja. Kibuyu cha Mama Pogsaa, kile alichopimia pito maisha yake yote, kilitakiwa kupata mwenyewe. Anayekipokea ndiye anayemmiminia marehemu na kuisemea nyumba. Ni haki ya kifungua mimba, na wazee walikuwa wameshakubaliana kwamba safari hii haitakuwa hivyo. Kitapewa Severin. Placid atapiga magoti, atatoa mbuzi, na atakaa nyuma.

Kabla ya shauri wakaja watani. Kwenye msiba mtani hana mwiko: anamwigiza marehemu, anamtukana, anazuia chakula mpaka apewe kitu, na chochote anachosema hakihesabiwi. Atanga aliingia na Wafrafra wenzake wanaimba, amefunga kitambaa kichwani kama Mama Pogsaa, kibuyu mkononi.

"Nani anasema mwanangu yuko juu?" alipiga kelele kwa sauti ya bibi kabisa. "Mpimie nusu!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Hata Placid alicheka machozi yakimtoka, mara ya kwanza tangu afike. Severin alicheka pia, na kwa dakika hiyo alimpenda Atanga kama zamani.

Kisha Atanga akamvuta mbuzi, yule yule wa faini ya Placid, akamsimamisha katikati ya uwanja. Akatoa kamba mbili, kila moja ina kibuyu kidogo mwishoni, akazipitisha juu ya mgongo wa mbuzi, kibuyu kimoja huku, kingine huku.

"Wadagaaba, nyie mnajua mambo!" akasema, na sasa sauti haikuwa ya Mama Pogsaa, ilikuwa ya redioni. "Ndugu zangu, njia zipo mbili! Huu wa kulia, huu wa kushoto! Hata mmoja ukikatika..."

Akamsukuma mbuzi kwa goti. Mbuzi akaanguka, vibuyu vyote viwili vikapasuka.

"...hamtajua!"

Uwanja ulilipuka. Watu walipiga mapaja, akina mama walishikana. Wengi walicheka lile neno tu, "hamtajua", kwa kuwa lilikuwa na mwenyewe. Severin naye alicheka, meno nje, maana mtani akikutania unacheka na unamtupia chochote ulicho nacho. Alimtupia sarafu zote zilizokuwa mfukoni. Alipoinua macho alimwona Placid. Placid alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anatazama mbuzi, kisha kamba, kisha mbuzi.

Atanga alipita karibu na Severin akiokota vigae. "Nimecheza yangu, mtumwa wangu," alisema kwa chini. "Yaliyobaki si ya mtani."

Wazee wakakaa. Placid akapiga magoti bila kuambiwa mara mbili, mtu mzima yule, mvi zinamwanza, mikono ya seremala juu ya mapaja. Mzee Yelviel alikishika kibuyu cha Mama Pogsaa, chenye mpasuko ulioshonwa kwa uzi mweusi, akamnyooshea Severin.

"Pokea. Wewe ndiye uliyekuwapo."

Severin hakunyoosha mkono. Miguu ilimpeleka yenyewe mpaka pale kaka yake alipo, akapiga magoti kando yake, na suruali yake ya ofisini ikaingia vumbi.

"Baba mdogo, kaka hana kosa. Simu hazikuwa zinapita. Hakuna hata moja iliyopita. Nilidanganya redioni."

Wazee wakasogea mbele.

"Mikongo yote miwili niliipitisha daraja moja," aliendelea. "Niliwaambia watu kuna njia ya pili na haikuwepo. Mnara ambao ungepitisha simu niliushusha mimi. Daraja lilipokwenda niliona aibu, nikasema zinapita. Nilimpigia kaka mbele yenu huku najua hawezi kupatikana. Yeye alikuwa anatupigia, anaambiwa hayo hayo. Mimi ndiye niliyemnyima mama mwanawe. Mbuzi ni wangu, si wake."

Alikuwa ameinamisha kichwa. Alingoja apigwe, atemewe mate, akina mama waanze kelele. Alichosikia ni mzee Yelviel akivuta pumzi ndefu, na alipotazama, macho ya mzee yalikuwa yamelowa.

"Mmemsikia mtoto huyu?" mzee aliuliza wenzake. "Mmemsikia?"

"Tumemsikia," walijibu, na mmoja alikuwa anajipangusa.

"Anajipaka matope mwenyewe ili kaka yake asimame. Kibuyu anapewa, anakikataa. Pogsaa alizaa!"

"Baba mdogo, sisemi hivyo kwa sababu hiyo. Ni kweli."

"Nyamaza, mwanangu, tumeelewa. Siku ile ulipokuwa redioni mama yako alikuwa hai, hukuwa na sababu ya kutudanganya. Leo kaka yako yuko magotini, sababu unayo. Nikuamini lini?"

"Muulizeni Atanga! Atanga anajua, si ameonyesha hapa hapa!"

Wazee wakacheka kwa upole, kama watu wanaomcheka mtoto. "Tangu lini neno la mtani msibani likawa ushahidi?" alisema mmoja. "Kesho utatuambia na Mama Pogsaa kafufuka, maana Atanga kavaa kitambaa chake."

Severin aligeuka kumtafuta Atanga. Alikuwa amesimama pembeni ya wapiga marimba, amevua kitambaa, amekikunja mkononi. Hakufungua mdomo. Angefungua wangecheka.

Mzee Yelviel alisimama. Alimwinua Placid kwa mkono wake mwenyewe, akamwekea kibuyu mikononi. "Tunakusamehe," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Kosa lako ni kubwa, lakini tunakusamehe kwa ajili ya mdogo wako. Usisahau alichokufanyia leo."

Akina mama wakapiga vigelegele. Watu walimjia Severin, wakamshika bega, wakampangusa vumbi magotini. Shangazi mmoja alimbusu kichwani. Yeye alikuwa anatazama kibuyu tu, na vidole vya kaka yake juu ya ule uzi mweusi.

"Kaka," alisema. "Wewe unaniamini."

"Nakuamini." Placid hakupandisha sauti. "Nilikuamini tangu mbuzi alipoanguka. Miezi yote hii nimekaa Kumasi namwomba mama msamaha, Severin. Nilikuwa nasema labda aliisikia simu yangu akakataa kuipokea."

"Nisamehe."

"Nilichotaka ni wasikie kwamba sikukosa. Hicho tu. Sasa wamenisamehe kosa lako, na nitalibeba mpaka nizikwe, kwa sababu ya wema wako." Akaenda na kibuyu kwenye kaburi la mama yake kumiminia, peke yake, na hakumwita mdogo wake amfuate.

Wapiga marimba hawakuwa na habari na hayo. Walikuwa wameshabadilisha wimbo, na mwimbaji alikuwa anamtungia Severin: mwana aliyepiga magoti, mwana aliyekataa kibuyu, Bayuo aliyemfunika kaka yake. Kwetu ukitungiwa wimbo hivyo huwezi kukaa. Unainuka, unacheza, unarusha sarafu, la sivyo umewatukana wafiwa na marehemu mwenyewe. Watu waliacha nafasi katikati ya uwanja wakamngoja, wanapiga makofi, wanamwita kwa jina.

Severin alimtazama Atanga mara ya mwisho, akitumaini angalau tusi, mtumwa wangu, lolote. Atanga alitazama chini.

Basi aliingia uwanjani, akacheza.